Maziwa ya Muorma, kunde za Mpokomo

Mtu wa Bura, Tana River, akienda Mombasa kutibiwa, hurudi na bahasha ya karatasi. Siku hizi karatasi zimekuwa nyingi kuliko dawa. Katikati ya vipimo vya sukari, mafuta ya damu na figo, mara nyingine huwa kuna mstari mmoja unaomkosesha mgonjwa usingizi kwa sababu hakuna aliyemweleza maana yake: homosisteini. Mbele ya jina pana namba, tuseme 19, na kando yake alama ya kuonyesha imezidi. Mgonjwa anapita kwa kemisti, anauziwa chupa ya vitamini kwa bei ya kuku wawili, na anapanda basi akiamini amegunduliwa ugonjwa mpya.

Hana ugonjwa mpya. Ana ishara, na ishara hiyo inaweza kumfaa akijua kuisoma.

Ukila nyama, samaki, maziwa au maharagwe, tumbo huvunja protini iliyomo na kutoa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Kimoja kati ya hivyo ni methionini. Mwili unaihitaji kwa kazi nyingi, na kila inapomaliza kazi mojawapo, kinachobaki ni homosisteini. Kwa hivyo kila mtu anayo, wewe na mimi na mtoto aliyezaliwa jana. Cha kuuliza ni kama inapita au imekwama.

Waliolima kwenye skimu ya umwagiliaji wataelewa haraka. Maji ya mfereji mkuu hayana ubaya mradi milango ya mifereji midogo inafunguka. Mlango ukiziba, maji yale yale yaliyokuwa yanyweshe mahindi yanapasua kingo na kuozesha mizizi. Homosisteini ina milango miwili. Wa kwanza huirudisha iwe methionini tena, na unafunguliwa na vitamini mbili kwa pamoja: foleti, ambayo kwenye vidonge huitwa asidi ya foliki, na vitamini B12. Ikikosekana mojawapo, mlango haufunguki, hata kama nyingine imejaa tele. Mlango wa pili huigeuza kuwa asidi amino nyingine, nao unategemea vitamini B6. Figo nazo zina sehemu yao katika kuiondoa, ndiyo maana kipimo cha mwenye figo dhaifu hupanda hata akila vizuri.

Kwa mtu mzima aliyepimwa bila kula, kiwango cha kawaida ni mikromoli 5 hadi 15 kwa lita moja. Kuna watoto wachache sana wanaozaliwa na kasoro ya vimeng'enya, ambao kipimo chao hupita 100. Hao wana ugonjwa halisi wa kurithi, unaovuruga macho, mifupa na mishipa ya damu, na wanahitaji daktari bingwa. Namba ya 19 haiko katika kundi hilo.

Kabla hata ya kuiamini hiyo 19, uliza damu ilichukuliwa wapi. Damu ikishatoka mwilini, chembe nyekundu haziachi kazi. Ndani ya chupa zinaendelea kutoa homosisteini, na kwa kila saa inayopita kipimo hupanda takriban sehemu moja ya kumi. Inatakiwa chupa iwekwe kwenye barafu papo hapo na damu itenganishwe kabla saa moja haijaisha. Sasa fikiria chupa iliyojazwa Bura saa nne asubuhi, ikangoja gari, ikasafirishwa kwenye joto letu hili hadi mjini. Namba itakayotoka huko ni ya safari kuliko ya mgonjwa. Ukiamua kupima, pima palepale penye maabara, na uende bila kunywa chai.

Kelele kuhusu homosisteini na moyo zilianza mwaka 1969, pale mtaalamu wa maradhi wa Marekani, Kilmer McCully, alipochunguza mishipa ya damu ya watoto waliokufa wakiwa na kasoro hizo za kurithi. Aliona mishipa yao imekakamaa kama ya wazee. Akasema huenda hata kwa watu wa kawaida homosisteini ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa. Kwa muda mrefu wakubwa wake hawakumsikiliza, na hatimaye aliondoka Harvard. Baadaye tafiti nyingi zilionyesha kwamba wenye homosisteini ya juu kweli hupata kiharusi na maradhi ya moyo zaidi ya wengine, na wenye kisukari kilichogusa figo wako mstari wa mbele.

Hapo ndipo wauzaji wa vidonge walipoingia. Kama vitamini hushusha homosisteini, basi meza vitamini uokoe moyo. Hesabu ilionekana nyepesi. Mwaka 2006 zilitolewa tafiti mbili kubwa, moja ya Norwe na nyingine iliyoongozwa kutoka Kanada, ambapo wagonjwa wa moyo walipewa foliki, B12 na B6. Homosisteini ilishuka kama ilivyotarajiwa. Mishtuko ya moyo haikupungua. Aliyekuuzia chupa kwa ajili ya moyo wako, basi, hajasoma habari za karibu miaka 20.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki inatugusa sisi zaidi ya watu wa nchi hizo. Mwaka 2015 Wachina walichapisha matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 20,000 wenye presha ambao hawakuwa wamewahi kupata kiharusi. Wote walipewa dawa ya presha, enalaprili. Nusu yao waliongezewa asidi ya foliki. Waliopata foliki walipungukiwa na kiharusi cha kwanza kwa takriban sehemu moja ya tano. Kwa nini China ikubali na Kanada ikatae? Maelezo ninayoyaona yana nguvu ni unga. Kanada huchanganya foliki kwenye unga tangu miaka ya 1990, kwa hivyo watu wake walikuwa wameshashiba kabla hawajapewa kidonge. Wachina wale hawakuwa na unga wa namna hiyo.

Je, sisi? Tangu 2012 sheria ya Kenya inalazimisha unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti uongezwe madini na vitamini, foliki ikiwemo. Lakini familia ngapi za Bura hula unga wa pakiti mwezi mzima? Mahindi yanavunwa hapa, yanapelekwa kwenye kinu cha posho, yanarudi yakiwa unga wa moto mgongoni mwa mtoto. Kinu hakiongezi kitu. Sisemi uache posho. Mimi mwenyewe siwezi kula sima ya unga mweupe wa pakiti nikafurahi. Ninachosema ni kwamba anayekula posho hana akiba iliyofichwa ndani ya unga, kwa hivyo akiba hiyo lazima aitafute kwenye mboga.

Nije sasa kwa jambo lililonisukuma kuandika. Ami yangu anaishi katika kimoja cha vile vijiji vya skimu vilivyopewa namba badala ya majina. Ana sukari mwaka wa 11 huu na anameza metformini asubuhi na jioni bila kukosa. Miaka mitatu iliyopita nyayo zake zilianza kuwaka usiku kama amekanyaga majivu ya moto. Baadaye ganzi ikaingia, akawa anavua kandambili bila kujua imemtoka. Kila alipokwenda kliniki, ambayo sitaitaja, alijibiwa kwa sentensi moja: ni sukari hiyo, mzee. Ni kweli sukari huua mishipa ya fahamu ya miguu. Lakini hakuna aliyemuuliza anakula nini.

Aliyekuja kumuuliza ni afisa mmoja wa kliniki aliyekuwa mgeni. Ami akamweleza. Ng'ombe wake waliisha katika ukame ule wa 2020 hadi mwanzo wa 2023. Tangu hapo ni turungi asubuhi, sima na maharagwe mchana, sima na kilichobaki usiku. Nyama ni ya Idd. Afisa akaagiza hemogramu, yaani kipimo cha chembe za damu, akaonyesha mstari wa ukubwa wa chembe nyekundu, ule ulioandikwa MCV, uliokuwa umepita 100. Chembe za damu zilikuwa kubwa kupita kawaida, jambo linalotokea mwili unapokosa B12 au foleti.

Vitamini B12 haimo kwenye mimea. Iko kwenye nyama, ini, samaki, mayai na maziwa. Juu ya hilo, metformini huzuia utumbo kuifyonza, na kadiri dozi inavyokuwa kubwa na miaka inavyopita, ndivyo upungufu unavyoongezeka. Ini la binadamu huweka akiba ya B12 ya miaka kadhaa, kwa hivyo tatizo hujitokeza polepole, wakati kila mtu ameshasahau lilianza lini. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwatahadharisha madaktari kwamba upungufu huu kwa wanaotumia metformini ni wa kawaida kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba mwenye dalili apimwe. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo, kama omeprazoli, zikitumiwa miaka mingi hufanya vivyo hivyo, na wapo wazee wanaomeza zote mbili.

Ami alidungwa sindano za B12 kwa wiki kadhaa. Moto wa nyayo ulipoa. Ganzi ya vidole imebaki, na aliambiwa waziwazi kwamba huenda isiondoke, kwa kuwa mishipa ya fahamu ikikaa muda mrefu bila B12 haijirekebishi yote. Miaka mitatu hiyo ndiyo inayoniuma.

Kwa hivyo, kama unameza metformini, nakuomba usiiache. Ni dawa nzuri na ya bei ya chini, na kisukari kisichotibiwa ni kibaya kuliko upungufu wa vitamini. Ila siku ya kliniki sema mwenyewe, usingoje kuulizwa: nina miaka mingapi kwenye dawa, nyama na maziwa navipata mara ngapi, miguu inawaka au imekufa ganzi, ulimi umekuwa mwekundu na laini, nasahau, nayumba gizani. Omba hemogramu. Haishiki kila mgonjwa, maana mwenye upungufu wa madini ya chuma pia anaweza kuonekana na chembe za ukubwa wa kawaida, lakini ni rahisi kuipata kuliko kipimo cha homosisteini na haiharibiki haraka kwa joto.

Na usijitibu kwa foliki peke yake. Hili ni kosa linalofanywa kwa nia njema. Mtu mwenye upungufu wa B12 akimeza foliki nyingi, damu yake inapona, uso unarudi rangi, na kila mtu anafurahi. Wakati huohuo mishipa ya fahamu inaendelea kufa kimyakimya, kwa sababu foliki haiwezi kushika kazi ya B12 huko.

Foleti ndiyo nusu ya pili ya habari, nayo ina tabia tofauti kabisa. Akiba yake mwilini haivuki miezi minne hivi. Mafuriko yakizoa mashamba ya ukingoni mwa Tana, kama yalivyofanya mwishoni mwa 2023, upungufu unaweza kuingia nyumbani kabla ya mavuno yajayo. Jina lake limetokana na neno la Kilatini la jani, kwa kuwa wanasayansi waliitoa kwenye spinachi mwaka 1941. Lakini aliyeifungulia njia ni daktari Mwingereza, Lucy Wills, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kuchunguza kwa nini wanawake wajawazito, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walikuwa wakiishiwa damu. Dawa za chuma hazikuwasaidia. Dondoo la hamira liliwasaidia, na mwaka 1931 alitangaza hivyo bila kujua bado ndani yake mlikuwa na nini. Huwa nawakumbuka wanawake hao kila ninaposikia wazee wa skimu wakisimulia pamba ya miaka ya 1980.

Kina mama wa Bura, hapa nitasema taratibu. Uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hufunga katika siku 28 za mwanzo wa mimba, wakati wengi wenu bado mnahesabu siku na kujiuliza. Foleti ikiwa haitoshi kipindi hicho, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi inaongezeka. Vidonge vya chuma na foliki mnavyopewa kliniki bila malipo, vyenye mikrogramu 400 za foliki, ni vya lazima kwa damu yenu, lakini aliyeanza kliniki mwezi wa tano ameshakosa zile siku 28. Ukipanga kuzaa, au kama hujazuia, anza foliki mapema.

Kiasi nacho kina maana. Kemisti wengi huuza kidonge cha miligramu 5, ambacho ni zaidi ya mara 12 ya kile cha kliniki. Mjamzito anayepewa vidonge vya SP vya kuzuia malaria asikimeze kwa kudhani kikubwa ni bora. SP inafanya kazi kwa kukinyima kimelea cha malaria foleti, na ukijaza foliki nyingi mwilini unakilisha adui. Vya mikrogramu 400 havina tatizo. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, anayetumia dawa za kifafa, au mwenye siko seli, huyo aandikiwe dozi yake na daktari, wala asifuate makala.

Kuna jambo jingine linalowahusu wafugaji na ambalo nimeona likiwaudhi nikilisema. Maziwa ya mbuzi hayafai kuwa chakula pekee cha mtoto mchanga. Ulaya waliligundua hilo karne moja iliyopita, walipoona watoto waliolelewa kwa maziwa ya mbuzi wakipauka na kukosa damu. Yana foleti kidogo mno, na B12 yake ni haba ukilinganisha na ya ng'ombe. Ziwa la mama kwanza, miezi sita bila kitu kingine, na baada ya hapo mtoto apate pia kunde zilizopondwa na mboga, si maziwa ya mbuzi na sukari tu. Kwa mtu mzima anayekula vingine, maziwa ya mbuzi hayana neno.

Ukizitazama sahani zetu, utaona kitu cha ajabu. Mkulima wa Kipokomo ana foleti karibu na mlango: kunde, pojo, mchicha, mnavu, majani ya maboga. Gramu 100 za kunde zilizopikwa zina takriban mikrogramu 200, nusu ya anayohitaji mtu mzima kwa siku. Mfugaji wa Kiorma au wa Kiwardei ana B12: nusu lita ya maziwa ya ng'ombe karibu inamtosha kwa siku nzima. Kila mmoja ana ufunguo mmoja wa mlango uleule. Wakulima na wafugaji walipouana kule Tana Delta mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, tulihesabu maiti na nyumba zilizochomwa, na ilistahili. Ila njia za kwenda sokoni zikifungwa, anayelala na maziwa bila mboga na anayelala na mboga bila maziwa wote wanapoteza kitu ambacho hakuna kamati itakayokiandika.

Jikoni, adui mkubwa wa foleti ni sufuria ya maji. Huyeyuka kwenye maji, huharibika kwa moto mrefu, na haipendi mwanga. Mchicha ukichemshwa ukaiva sana kisha maji yakamwagwa nje, kilichomwagwa ndicho ulichonunua. Osha kabla ya kukata, tia maji ya kulowesha tu, funika, dakika chache epua, na maji yaliyobaki yawe mchuzi. Kunde zikirowekwa usiku hupikika upesi, na upesi huo ni faida kwa kuni na kwa foleti. Anayekausha majani kwa ajili ya kiangazi aanike kivulini. Maziwa, nayo, yachemshe hata kama moto utapunguza vitamini kidogo: homa ya maziwa mabichi ya mifugo haina mzaha.

Ini ndilo lenye vyote viwili. Kipande kisichozidi kiganja kina B12 ya siku nyingi na foleti ya kutosha, na mchinjaji wa Bura bado hulikata kwa bei wanayoimudu wengi ukiwahi asubuhi. Mara moja kwa wiki inatosha. Mjamzito alipunguze, hasa miezi mitatu ya kwanza, kwa sababu vitamini A iliyojaa ndani yake ikizidi humdhuru mtoto. Asiyekula nyama asisahau samaki wa mtoni, na mayai mawili matatu kwa wiki.

Tumbaku pia hupandisha homosisteini, ya kuvuta na ya kutafuna, na kahawa nyingi vilevile. Mwenye figo dhaifu asichukue ushauri wangu wa nyama na ini mpaka aongee na daktari wake, kwani kwake protini hupimwa.

Na yule aliyerudi na karatasi ya 19? Asiitupe. Aipeleke kliniki pamoja na orodha ya dawa zote anazomeza, aulize habari ya figo na B12, na apimwe presha akiwa hapo, maana presha iliyodhibitiwa itamkinga na kiharusi kuliko chupa yoyote ya kemisti. Ile pesa ya chupa ya pili, ampe mama wa Kiorma anayeshusha madumu ya maziwa sokoni asubuhi, na ibakie ya fungu la kunde.